Babu Alingoja Jicho Liive

Wasee wangu, leo hakuna vichekesho. Kama umekuja kucheka, pita tu, tutaonana Ijumaa.

Kuna video yangu moja wengi wenu mnaikumbuka, ile ya babu akimimina chai. Birika liko mkononi, kikombe kiko mezani, na chai inapita kando ya kikombe, inashuka ukingo wa meza, inafika kwenye mkeka, na babu bado anamimina tu kama mtu anayemwagilia mchicha. Mimi niko nyuma ya simu nimeshika mbavu. Nikaitia muziki, nikaandika juu yake, "Mzee ameamua hata mkeka unywe." Ikaenda mbio. Hakuna video yangu nyingine iliyowahi kutazamwa hivyo. Komenti zilikuwa vicheko mwanzo mwisho, na wengine mliniambia nimkatie babu asilimia yake.

Nimeifuta. Babu alikuwa hakioni kile kikombe.

Nasema hakioni, sio eti alikuwa ameduwaa au uzee umemchanganya. Jicho la kulia lilikuwa limeshakufa, na la kushoto lilikuwa linaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hatukujua. Tunalala nyumba moja, tunakula sinia moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi, tena na kamera mkononi.

Tuseme ukweli, dalili zilikuwepo. Nilipoacha chuo (stori hiyo mnaijua: karo, mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na begi na simu) nilimkuta babu ameanza kugonga fremu za milango kwa bega. Kwenye njia ya shamba alikuwa ananitanguliza, yeye ambaye miaka yote hakutaka mtu mbele yake. Alikuwa akilalamika kwamba jicho la kulia lina ukungu. Na hapa Garsen kila mtu ni daktari wa macho. Jirani akasema ni mtoto wa jicho. Mwenye duka akasema ni mtoto wa jicho. Mjomba kutoka Tarasaa akasema ni mtoto wa jicho, halafu akaongeza ile sentensi ambayo nimekuja kuichukia: "Msimpeleke sasa hivi. Ngojeni liive. Likiiva ndiyo wanalitoa."

Liive kama embe. Basi tukangoja liive.

Tulingoja karibu miaka miwili. Tukaambiwa kambi ya macho inakuja, mvua ikaja kabla yake. Wa hapa wenzangu mnakumbuka mafuriko ya Novemba 2023, halafu tena Aprili na Mei 2024, barabara zilivyokatika, watu wakahamia mahema. Kwenye hema nani atakumbuka jicho la mzee? Kambi ilipokuja kweli, tulimfikisha babu asubuhi na mapema, kavaa shati lake la kwendea harusi. Benchi lilikuwa limejaa wazee, Wapokomo, Waorma, Wardei, kila mmoja na mjukuu wake kando. Daktari alikuwa dada mdogo tu. Akamwangalia babu macho yote mawili kwa kidude kidogo chenye taa, kile cha kuinamia mpaka mnakaribia kugusana pua. Dakika mbili hivi. Akanyamaza. Akarudia jicho la kulia. Halafu akauliza, "Mzee amekuja na nani?"

Alinieleza kwa upole. Ana mtoto wa jicho, ndiyo, lakini mdogo, huyo siye tatizo. Tatizo ni presha ya macho. Neva ya jicho la kulia imekwisha, na hata mkimpeleka Nairobi, hata mkimpeleka India, hairudi. La kushoto limebaki na kidogo, na hicho kidogo kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote.

Babu alikuwa anasikiliza kila neno. Akauliza swali moja tu: "Mwanangu, ningekuja lini ndiyo ungeniwahi?"

Yule dada akajibu, "Kabla hujaona shida yoyote, mzee."

Hilo jibu ndilo limenikalisha chini. Kabla hujaona shida yoyote. Sasa mtu asiyeona shida atapanda matatu kutoka Garsen mpaka Malindi, zaidi ya kilomita mia moja, kutafuta nini?

Nikaanza kusoma. Usiku, na bando la mkopo, nimelala chini ya neti. Na kabla hamjaandika kwenye komenti "wewe uliacha chuo, umekuwa daktari lini", nawajibu mapema: sijawa. Kusoma hakuhitaji kitambulisho cha chuo, na kila nitakachosema hapa unaweza kumuuliza mtu wa macho yeyote akusahihishe.

Kwanza majina, manake majina ndiyo yaliyotuponza.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho inapoingia ukungu. Ukiishi vya kutosha, kwa kiasi fulani atakupata, kama mvi. Daktari anatoa lenzi iliyochafuka, anaweka nyingine ya plastiki, na mara nyingi mtu anaona tena. Na ile habari ya kungoja liive si uongo wa mjomba peke yake. Ilikuwa na maana enzi za upasuaji wa kizamani, lenzi ilipokuwa inatolewa nzima nzima na ikiwa ngumu ndiyo inashikika. Siku hizi haina kazi. Ukingoja sana ndiyo operesheni inakuwa ngumu zaidi. Yani ushauri wa miaka hiyo umebaki vijijini kwetu, na upasuaji wenyewe ulishahama.

Presha ya macho ni kitu kingine kabisa, na jina lake lenyewe ni mtego. Babu alipoambiwa alijibu, "Mimi presha yangu iko sawa, walinipima juzi." Si hiyo. Jicho lina maji yake, yanatengenezwa ndani na kutoka kupitia vijia vidogo. Vijia vikizembea, msukumo unapanda, na neva inayobeba picha kwenda kwenye ubongo inaanza kufa. Neva hiyo ni kama kamba ya nyuzi zaidi ya milioni moja, na zinakatika kidogo kidogo. Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu haiumi, jicho haliwi jekundu, wala hulioni giza likija. Inaanza kula pembeni, na ubongo, huu ubongo wetu mjanja, unajaza pengo kwa kubahatisha. Kwa hiyo huoni doa jeusi. Unaona meza nzuri tu mahali ambapo pana kikombe.

Hapo nilisimama kusoma, nikaenda kukaa nje kwanza.

Tena wapo ambao presha ya jicho inapimwa iko kawaida na neva bado inakufa. Kwa hiyo kupima msukumo peke yake hakutoshi, lazima mtu aitazame neva yenyewe. Sisi watu weusi tuko hatarini zaidi kuliko Wazungu, na huwa inatuanza mapema zaidi. Na kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja anayo, hatari yako inapanda mara kadhaa. Hilo la mwisho liweke mahali, nitalirudia.

Yapo magonjwa mengine ya kizee, kama lile la kuharibika kitovu cha retina, pale penye uwezo wa kusoma na kutambua sura za watu. Ipo pia sukari inayoharibu mishipa ya jicho, na hiyo haingoji uzee. Yote yana tabia moja: mwanzoni yako kimya. Na yote yanaonekana ukiwa na mwanga sahihi na macho ya mtu aliyefunzwa.

Sasa hapa kwenye mwanga ndipo nilipokesha.

Jicho ni mahali pa ajabu. Ndipo pekee kwenye mwili ambapo unaweza kuona mishipa ya damu na neva vikiwa hai bila kumpasua mtu. Lakini kwa karne nyingi hakuna aliyeweza, kwa sababu mboni ni shimo jeusi. Unajua kwa nini ni jeusi? Kwa sababu ukisogea kuchungulia, kichwa chako chenyewe kinaziba mwanga. Hermann von Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1851 alitangaza ujanja wake: kioo kinachoingiza mwanga kwenye jicho kwa njia ile ile unayotazamia. Ghafla ndani pakaonekana pekundu, mishipa kama matawi, na neva kama sahani ndogo. Kile kidude cha yule dada wa kambi ni mjukuu wa kile cha Helmholtz. Miaka zaidi ya 170, na babu yangu alikutana nacho kwa mara ya kwanza akiwa jicho moja limekwisha. Teknolojia mpya gani tunayoingoja?

Lakini mpya nayo ipo, na ni tamu kuielewa. Ushawahi kuita kwenye kisima kikavu? Sauti inagonga chini inarudi, na ukiwa na saa nzuri utajua kisima kina urefu gani. Mashine ya kupima wajawazito inafanya kazi hivyo, kwa mwangwi wa sauti. Mwaka 1991 kikundi cha watu wa Marekani, akiwemo David Huang ambaye alikuwa bado mwanafunzi, pamoja na James Fujimoto na Eric Swanson, walionyesha kwamba unaweza kufanya hivyo kwa mwanga. Shida ni kwamba mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hakuna saa ya kuuhesabu ndani ya jicho. Kwa hiyo wakaugawa mara mbili: nusu inaingia kwenye jicho, nusu inaenda kwenye kioo, halafu zinakutanishwa tena. Jinsi mawimbi yanavyolingana au kupishana ndiyo inakuambia ule mwanga wa jichoni umerudi kutoka kina gani.

Unachopata ni picha ya retina ikiwa imekatwa kama keki, tabaka kwa tabaka, na hakuna aliyekatwa chochote. Mgonjwa anaweka kidevu, anatazama alama, sekunde chache, kwisha. Mashine hiyo inaitwa OCT. Inapima unene wa tabaka kwa elfu chache za milimita. Kwa presha ya macho maana yake ni hii: mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nyuzi zake, hata thuluthi hivi, kabla kipimo cha kawaida cha upana wa kuona hakijaonyesha kitu. OCT inaweza kuona tabaka limekuwa jembamba mapema kuliko hapo. Ile "kabla hujaona shida yoyote" aliyoisema dada, ndiyo hii. Mwaka 2023 hao watatu walipewa tuzo ya Lasker, ambayo kwa watu wa tiba ni kubwa sana. Na mwaka 2018, hospitali ya macho ya Moorfields ya London na kampuni ya DeepMind walionyesha kompyuta inayosoma picha za OCT na kusema nani apelekwe haraka, kwa magonjwa zaidi ya 50, na ilikuwa inapatia kama mabingwa, asilimia 94.

Nilivyosoma hapo nikataka kurusha simu. London kompyuta inabishana na mabingwa, Garsen tunabishana kama jicho limeiva.

Kenya OCT zipo, msinielewe vibaya. Ziko kwenye kliniki za miji mikubwa. Ni mashine ya mezani, bei yake inajenga nyumba, inataka umeme usioyumba na mtu wa kuisoma. Sitaki kudanganya hapa kwamba kaunti inunue moja ikae Hola ifunikwe kitambaa tuipige picha siku ya uzinduzi. Mashine za namna hiyo tunazijua.

Kinachonipa matumaini kimetokea hapa hapa Kenya, na ajabu ni kwamba hakuna aliyenifundisha shuleni. Daktari mmoja wa macho kutoka Uingereza, Andrew Bastawrous, alikuwa Nakuru akifuatilia macho ya watu wa miaka 50 kwenda juu, utafiti ulioanza 2007, wakarudiwa watu wale wale miaka ya 2013 na 2014. Timu ilikuwa inabeba mashine za hospitali mpaka vijijini, mahali umeme hakuna na barabara ni matope. Wakagundua kitu ambacho mtu yeyote wa huku angewaambia bure: barabara hakuna, lakini mtandao upo, na simu iko mfukoni. Wakatengeneza programu ya kupima uwezo wa kuona kwa simu, ile herufi E inayogeuzwa juu, chini, kushoto, kulia, mzee anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi, hata kama hajui kusoma. Wakaipa jina Peek.

Halafu wakatengeneza kifaa cha kubandika kwenye kamera ya simu kinachoelekeza mwanga ndani ya jicho na kupiga picha ya neva. Wazee wanatiwa dawa ya kupanua mboni, picha inapigwa. Sikiliza hii: mmoja wa wapiga picha wao hakuwa na elimu yoyote ya hospitali. Picha zikatumwa kusomwa Moorfields, na majibu yakakaribiana vizuri na yale ya kamera kubwa ya mezani. Matokeo yalichapishwa 2016. Mtu wa kawaida, simu, kijijini Nakuru.

Na mimi nina simu. Mimi ni mtu wa kawaida. Mimi nilikuwa nimemwelekezea babu kamera usoni.

Tahadhari kidogo kabla hamjakimbia, manake nawajua. Usichukue tochi ya simu ukammulika bibi yako machoni upate kontenti. Hutaona neva, utamuumiza tu. Kile kifaa kina lenzi zake na mwanga uliopimwa. Na hata programu ya E peke yake isingemwokoa babu mapema, kwa sababu presha ya macho inaacha katikati mpaka mwisho. Mzee anaweza kusoma herufi ndogo kabisa huku pembeni pamekufa. E inakamata mtoto wa jicho na mahitaji ya miwani. Ya neva inataka mwanga uingie ndani.

Ila sehemu iliyonibadilisha mawazo kabisa haihusu mwanga. Ni ya Kitale. Daktari Hillary Rono na wenzake walifanya utafiti kwenye shule 50 za Trans Nzoia, watoto karibu 21,000. Nusu ya shule zilitumia kipimo cha simu, mzazi anatumiwa ujumbe, mwalimu mkuu anapewa orodha, na anayekosa kliniki anakumbushwa. Nusu nyingine zilitumia kadi ya kawaida na barua ya karatasi. Matokeo yakachapishwa 2018: kati ya watoto walioambiwa waende hospitali, upande wa simu walifika asilimia 54. Upande wa karatasi, asilimia 22.

Soma hizo namba tena polepole. Kwa karatasi, karibu watoto wanane kati ya kumi waliogunduliwa wana shida hawakufika popote. Kugunduliwa hakukuwasaidia chochote. Na hata kwa simu, karibu nusu hawakufika. Na hao ni watoto, ambao mzazi anaweza kuwavuta mkono. Mzee wa miaka 70 anayesema "mimi naona vizuri, niacheni", utamvuta na nini?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watu wa kaunti wanaonisoma kimyakimya. Kambi ya macho ya siku moja ni nzuri kwa mtoto wa jicho. Kwa presha ya macho ni karibu bure, kwa sababu hiyo inahitaji kumfuata mtu mwaka baada ya mwaka. Kambi inakuja, inagundua, inaondoka. Babu alipewa chupa mbili za matone na karatasi. Chupa ziliisha. Karatasi tunayo bado.

Na watu wa kumfuata wapo. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa, wakapewa na simu za kusajili kaya. Mama wa kwetu anapita nyumba kwa nyumba, anampima babu presha ya damu, anampima sukari, anaandika kwenye simu. Simu hiyo hiyo! Alikaa mbele ya babu zaidi ya mara moja, akampima kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kinaibiwa. Si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Mfundisheni kuuliza maswali mawili, nani kwenu ana presha ya macho na nani ana sukari. Awe na kipimo cha E, na orodha ya walio na zaidi ya miaka 40. Kisha kifaa kimoja cha kupiga picha ya neva kizunguke Ngao, Tarasaa, Garsen, Kipini, mpaka Hola, kikiwa na mtu aliyefunzwa, kwa kalenda inayojulikana, na picha zisomwe na daktari popote alipo. Daktari si lazima akae Garsen. Picha inasafiri, mzee ndiye hasafiri.

Na nauli. Jamani nauli. Hakuna anayependa kuiongelea kwa sababu haipendezi kwenye uzinduzi. Ukimwambia mzee neva yake inakufa halafu ukamwachia nauli ya Malindi yeye na wa kumshika mkono, kwenda na kurudi, elfu mbili na kitu, na akifika aambiwe aendelee Mombasa, umempa huzuni tu. Bora pesa ya mahema, spika na fulana za siku ya kambi igeuzwe nauli.

Kuna rafiki yangu mmoja tulibishana hili juzi pale Minjila tukingoja gari. Akaniambia, "Bro, watu hapa hawana maji safi, mto ukijaa tunahama, mto ukikauka ng'ombe wanakufa, wewe unaleta habari za mashine za macho?" Nilimwelewa. Lakini nikamuuliza, nani anamshika babu mkono siku hizi? Ni binamu yangu, wa darasa la saba. Asubuhi anampeleka choo kabla ya shule, jioni anampeleka kwa wazee wenzake, na siku za shamba haendi shule kabisa. Babu hawezi tena kwenda mtoni peke yake, na mnajua Tana ina mamba, haihitaji kuelezwa. Jicho la mzee mmoja limekula masomo ya mtoto mmoja. Ukilihesabu hivyo, sio anasa. Rafiki yangu akanyamaza, halafu akasema hata nyanyake ameanza kugonga milango. Gari likaja.

Nawalaumu wazee pia, kidogo. Kuna ile heshima ya kutosema naumwa. Babu alijua kwamba kuna kitu, alijua vizuri sana, ndiyo sababu alikuwa ananitanguliza njiani. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, aliniambia, "Ningesema mngeninyang'anya panga." Alikuwa bado analima. Ningekuwa yeye ningenyamaza vile vile.

Sasa ile hoja niliyowaambia mwiweke.

Babu ana presha ya macho. Baba ni mtoto wa babu. Baba ana miaka 52 na hajawahi kuwekewa mwanga kwenye jicho hata siku moja. Anaona mpaka ng'ambo ya mto, hivyo ndivyo anavyosema: "Kijana, mimi naona mpaka ng'ambo." Nimemweleza mara tatu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alikasirika, akaniuliza kama namwombea upofu. Mara ya tatu nilimwambia ukweli kuhusu ile video, kwamba babu alikuwa hakioni kikombe, na kwamba nilicheka. Yeye naye alicheka siku ile, alikuwa ameketi hapo hapo. Akanyamaza muda mrefu akichokoa meno.

Amesema ataenda Malindi maembe yakishauzwa. Nimeweka kando pesa za zile video za mwezi uliopita, zinatosha nauli yetu wawili. Miembe ndiyo kwanza inatoa maua.